Bia ya Marehemu Dirishani

Harufu ndiyo iliyomsimamisha binti mlangoni, kabla hajasalimia mtu. Sebule nzima ilinuka uvundo kama wa mnyama kicheche, nao ulitoka kwenye glasi za bia za mafundi sita wa saa, wenzake marehemu baba yake, waliokuja kuwapa pole.

"Karibu, mwanangu," baba mdogo alisema huku akimimina. "Tunamkumbuka kaka kwa kazi ya mikono yake."

Binti akatazama dirishani. Bia yote ya mwisho aliyoipika baba ilikuwa imepangwa pale, mbele ya picha yake, jua la mchana likiipenya. Safari hiyo chupa za kahawia zilikuwa zimemwishia, akatumia za kijani, zisizozuia mwanga vizuri. Ndiyo maana alizifunika blanketi kuukuu ndani ya stoo ya chini ya ngazi, penye ubaridi, akatundika kipimajoto ukutani. Alikisoma asubuhi na jioni kama mtu anayeuguza.

"Nani amezitoa stoo?"

"Mimi, tangu wiki ya mazishi. Kazi ya kaka ikae gizani na mifagio? Nimempa heshima yake."

"Wiki tano juani, baba mdogo."

"Bia si nyama, hata ioze."

Binti akachukua glasi akaonja. Kwanza mdomo ulimjaa ladha ya boksi lililoloa, kisha kile kicheche kikampanda puani. Joto lilikuwa limefanya lake na mwanga umefanya lake. Mafundi waliinamisha macho. Mmoja mwenye upara alimeza kwa taabu, akasema, "Marehemu alijua kazi."

Uongo huo wa adabu ndio uliomwasha. Wangetoka hapo, wafike kwao, wawaambie wake zao kwamba bia ya fundi ilikuwa maji ya mtaro, Mungu amrehemu.

Akaanza kuwapokonya glasi. "Lete. Lete na wewe. Shikamoo mzee, lete hiyo."

"Marahaba," mzee alijibu, akaitoa haraka kama aliyeokolewa.

Akazimwaga kwenye sinki la jikoni, akarudi kuzoa chupa dirishani. Baba mdogo akamzibia njia. "Unammwaga baba yako?"

"Baba hayumo humu. Ulimtoa wewe, ukamwanika."

"Nilimpenda kuliko unavyojua."

"Ungemuuliza mtu basi. Ungeniuliza mimi."

 Baba mdogo alisogea, mikono ikining'inia, naye binti akapita na chupa kifuani. Hakumhurumia hata kidogo.

Alipomaliza kuzimwaga, mwenye upara alikohoa. "Basi tueleze, mwanangu. Yenyewe ilikuwaje?"

Binti alikuwa ameionja mara moja tu, pamoja na baba, siku ilipokomaa. Alifumba macho, akaitafuta. Kulikuwa na kitu kama ganda la mkate. Au asali? Akameza mate, na kilichokuja ulimini kilikuwa boksi lililoloa.

Akafumbua macho na kumgeukia baba mdogo.

"Sikumbuki," alisema polepole. "Umesikia? Sikumbuki."