Mawe ya Nguzo ya Saba

Ulipita pale, usinigeuzie uso. Getini ulipewa kidude cha sauti, ukakiweka juu ya dashibodi, ukapandisha vioo, ukaliendesha gari lako polepole ukingoni mwa korongo. Kila ulipoona nguzo yenye namba ulibonyeza namba hiyo. Ulipofika nguzo ya saba, sauti ikakwambia utazame kushoto, kwenye maporomoko, ukatazama kushoto. Kisha ikakwambia kwamba yale mawe laini upande wa pili wa barabara yaliletwa na mafuriko ya kale, na ukipenda uchukue moja dogo liwe kumbukumbu. Ukachukua. Hukujiuliza ni mafuriko gani yenye kupanga mawe kwa mstari.

Sauti ile ni ya mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Tangu utotoni tunamwita Redio, maana alianza kusema kabla hajajua kutambaa, na hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzima. Tulizaliwa mlemle korongoni, juu kidogo ya maporomoko, hapo ilipo leo nguzo ya saba. Hifadhi ilipokuja ilituhamishia uwandani, kando ya barabara kuu, kwenye upepo na nyumba zinazofanana kama meno ya kitana. Kuta tuliziacha. Miti ya matunda tuliiacha. Baba naye tulimwacha, maana alikuwa ameshalala chini.

Kaburi lake mama alilijenga mwenyewe. Kule juu mawe yana makali, yanachana hata kwato za mbuzi. Mama akasema mume wake hakulala pabaya akiwa hai, hatalala pabaya sasa. Akawa anashuka mtoni, anachagua mawe yaliyolainishwa na maji, anayapandisha kichwani kwa njia ambayo mtu mzima huipanda kwa mikono na magoti. Makubwa tulibeba mimi na yeye. Madogo meupe ya kuzungushia pembeni alibeba Redio, moja moja, kalikumbatia kifuani kama mtoto wa paka, na njia nzima analihutubia.

Sasa lishike hili, maana ndilo fundo lenyewe. Meneja wa hifadhi alisimama kwenye uwanja wa shule mbele yetu sote. Sikusimuliwa, nilikuwa mstari wa mbele. Alisema wageni watakuja na magari yao, bila kiongozi, wataongozwa na sauti. Na kila mahali ambapo sauti itapataja, patawekwa uzio, hapataguswa na mtu. Alisema anataka sauti ya mwenyeji. Tukampigia makofi Redio, tukamsukuma mbele sisi wenyewe. Kikulacho huwa umekivisha nguo kwa mkono wako.

Miezi ile mama alimfundisha. Kila alipokuja kula alimwekea sahani, na pembeni ya sahani akamwekea habari: baba yako alikuwa fundi wa mitumbwi, alikuwa na pengo la jino la mbele, alipiga mluzi kupitia pengo hilo, alizikwa hapa, na mawe haya tuliyabeba kwa njia hii. Redio anatafuna na kuitikia. Siku moja akaja amevaa fulana yenye nembo ya hifadhi, akasema, "Mama, baba nimemweka nguzo ya saba. Pale magari yote husimama."

Tangu siku hiyo mama alilala usingizi wa mtu aliyefunga mlango.

Kisha zikaja habari kwamba maegesho ya nguzo ya saba yatapanuliwa, na tingatinga limeshaagizwa. Mimi nikawaka. Mama aliendelea kuchambua maharage.

"Unachemka nini?" akaniuliza. "Ya saba imesemwa. Watamgusa vipi mtu aliyesemwa?"

"Umeisikia kwa masikio yako, mama?"

"Nimeambiwa na mwanangu."

"Basi twende ukaisikie."

Miguu ya mama haimfikishi mbali, lakini mume wangu ni dereva wa teksi. Gari lake linapanda mlima kwa dua na linateremka kwa toba. Asubuhi tukamketisha mama kiti cha mbele. Kidude tulichopewa getini akakipakata mapajani, akakifunika kwa ncha ya kitenge kisipigwe na jua.

Nguzo ya kwanza mume wangu akabonyeza. Sauti ya Redio ikajaa garini. "Karibu sana. Mimi ni mwenyeji wa korongo hili. Jina langu si muhimu."

"Si muhimu?" mama akakiuliza kidude. "Nani kakufundisha adabu hiyo?"

"Mama, hakusikii," mume wangu akasema.

"Mkwe wangu, hata alipokuwa ndani ya nyumba hakunisikia, na bado nilisema naye."

Tukacheka. Nayaandika haya ili ujue kwamba tulicheka. Nguzo ya pili ilizungumzia tai, ya tatu ikazungumzia miamba myekundu. Mama akawa anamsahihisha na kumsifu. "Polepole, baba, hujavuta pumzi." "Hapo umepatia." Nguzo ya nne Redio alieleza upepo unavyolia kwenye nyufa za genge, na mama akatikisa kichwa kwa furaha, akasema hayo alimwambia yeye. Ya tano, ya sita, naye anakaa wima zaidi, anatengeneza kitenge, anajipangusa uso kama mtu anayekaribia kuitwa.

Nguzo ya saba mume wangu aliegesha, akazima injini. Kushoto maporomoko yanaunguruma. Kulia kuna mteremko wenye nyasi, na mawe. Mama alibonyeza mwenyewe.

"Tazama kushoto," mdogo wangu akasema, kwa sauti ile tamu aliyoombea ugali wa pili utotoni. "Haya ndiyo maporomoko ya juu. Upande wako wa kulia, mawe laini unayoyaona yaliletwa na mafuriko ya mto zama za kale, ulipokuwa ukipita juu kuliko leo. Ukipenda, chukua moja dogo liwe kumbukumbu yako. Korongo hili halijawahi kukaliwa na binadamu. Endelea hadi nguzo ya nane."

Maporomoko yakaendelea kuunguruma.

"Rudisha," mama akasema. "Masikio yangu yamezeeka."

Mume wangu akarudisha. Halijawahi kukaliwa na binadamu.

"Tena."

"Mama, ni yaleyale," nikasema.

"Sikukuuliza wewe. Mkwe, tena."

Mara ya tatu hakusikiliza mpaka mwisho. Alifungua mlango, akashuka. Mimi nikamfuata kwa mbio, kumbe hakuhitaji mkono. Alivuka barabara, akafika kwenye mawe, akaanza kuzunguka ameinama. Makubwa yalikuwepo, baadhi yamesukumwa yakabingirika. Mstari mweupe wa pembeni ulikuwa umekwisha. Yalibaki machache, yameachana kama meno ya mzee, na palipong'olewa mengine kulikuwa na vishimo vidogo vilivyoota nyasi changa.

Mlinzi wa doria akatokea na pikipiki, kijana mwenye heshima zake. "Shikamoo, mama. Samahani, hapa hairuhusiwi kukaa sana."

"Marahaba. Namtafuta mume wangu."

Mlinzi akamtazama mume wangu garini. Mume wangu akatikisa kichwa. "Si mimi. Mimi ni mkwe."

"Mama, hapa hakuna mtu," mlinzi akasema taratibu. "Hujaisikia sauti?"

"Hiyo sauti niliinyonyesha mimi," mama akamjibu. "Usinieleze inavyosema."

Kijana wa watu akavua kofia. Hakujua la kufanya nayo, akaivaa tena.

Nguzo zilizobaki tulizipita bila kubonyeza.

Redio alikuwa kwenye geti la kutokea, dirishani, anapokea vidude na kuwashukuru wageni. Alipotuona tabasamu lilibaki usoni peke yake, yeye mwenyewe alishatoka. Mama akateremsha kioo, akamnyooshea kidude.

"Shika sauti yako."

"Mama. Mmekuja bila kuniambia."

"Baba yako yuko wapi?"

Akatazama nyuma yake, ofisini. "Mama, si mimi niliyeandika. Nilileta yote uliyonipa. Wakasema wageni hawapendi kusimama penye makaburi, na pale wanataka wasimame. Wakaniandikia mengine. Mimi nilisoma tu."

"Ulisoma," nikamwambia. "Kwa mdomo wa nani?"

"Dada, wewe kila kitu kwako ni mkutano wa hadhara."

"Na kwako kila kitu ni geti la kutokea."

Mama akanyanyua mkono, tukanyamaza. "Uliniambia umemweka nguzo ya saba."

"Nilitaka utulie, mama." Akashusha sauti, ile sauti. "Nilijua miguu yako haitakufikisha."

Mume wangu akainamia usukani. Mama alibaki akimtazama mwanawe kama mtu anayesoma kibandiko cha chupa ya dawa asiyeamini kilichoandikwa. Kisha akauliza taratibu, "Yale meupe uliyabeba wewe. Umesahau?"

"Sijasahau."

Laiti angesahau. Msahaulifu unamkumbusha, mnalia, mnasameheana. Lakini huyu alisimama mbele ya kinasa sauti akijua uzito wa kila jiwe kifuani mwake, akamwambia mgeni: chukua moja.

"Basi njoo kwa meneja," nikamwambia. "Useme haya haya. Sasa hivi."

"Nikisema sauti ilidanganya, kesho kuna mtu mwingine kwenye dirisha hili."

"Na kesho kutwa kuna gari juu ya baba."

Nyuma yetu mgeni mmoja akapiga honi, kwa adabu. Redio akamwinulia mkono, akamwambia mama, "Nitakuja nyumbani tuongee." Mama akapandisha kioo. Sijawahi kumwona akimpandishia mtu kioo.

Kwa meneja niliingia peke yangu. Alinikumbuka, na sikufurahishwa na namna alivyonikumbuka. Hakukana ahadi ya uwanja wa shule, hapana, ana akili kuliko hivyo. Alisema, "Ahadi ilikuwa mahali patakapotajwa. Hapakutajwa. Lakini mimi si mtu mbaya. Nionyesheni kaburi. Watu wangu walipofika waliona mawe yametawanyika ovyo. Mkinionyesha kaburi lenye umbo la kaburi, nitalisogeza tingatinga."

Nikamwuliza nani aliyewaalika wageni wayachukue. Akasema hilo nimwulize ndugu yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ilivyofanywa. Hawakulivunja kaburi la baba. Walimtumia mwanawe, wakakutumia na wewe, mkalibeba kipande kipande, kila mmoja na kajiwe kake mfukoni, kila mmoja akiona kajiwe kamoja kanapunguza nini.

Tangu siku ile mama anapelekwa kila asubuhi. Mume wangu anamshusha nguzo ya saba kabla hajaanza kutafuta abiria. Makubwa tumeyarudisha mahali pake, mama anaelekeza kwa fimbo, mimi nabingirisha. Yule mlinzi wa pikipiki anatusaidia akiwa na hakika kwamba haonekani. Kushuka mtoni kuchukua mawe mapya tumekatazwa, ukingo umefungwa kwa usalama wetu, wanasema. Na hata tungeruhusiwa, mama hataki. Anasema mtu hazungushiwi mawe mageni kana kwamba hana watu wake.

Redio bado hajaja nyumbani. Ila kila siku tunamsikia, kwenye kila gari linalosimama na kioo kikiwa wazi. Halijawahi kukaliwa na binadamu. Mama ameacha kumjibu.

Tingatinga limefika. Lipo getini, bado juu ya lori lake, limefunikwa turubai.

Kwa hiyo inuka. Lile jiwe jeupe linalozuia mlango wako usijibamize, au lile ulilomweka mtoto achezee, au lile lililo dirishani karibu na funguo, unalijua. Lina upande mmoja bapa, maana mama aliyachagua hivyo yakae vizuri chini. Usinitumie pole. Usiniambie hukujua, sasa unajua. Lichukue, washa gari, pita getini. Watakupa kidude, kiache kimezimwa. Nguzo ya saba egesha, vuka barabara, upande wa kulia. Utamkuta bibi kizee mwenye fimbo, msalimie. Atakuonyesha shimo lako lilipo.

Lirudishe leo.