Udongo wa Anande

Mimi ni mpima ardhi, na kwetu Machame mmea wa sale ni mpaka. Ukiona masale yamepandwa, unajua shamba la fulani linaishia hapo. Ndivyo nilivyoandika mwaka 1994, tajiri mmoja aliponiita Sekei kupima kiwanja cha hoteli: “Masale ya mpaka wa zamani. Hakuna makaburi.”

Mpaka gani huo, masale mawili mawili, moja kila upande wa kijituta? Kwetu hata makaburi tunayapandia masale. Nilijua. Ila biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, kila mtu anawakimbilia watalii, tajiri ana haraka, nami nikajifanya mjinga.

Ningeandika ukweli, wenye wafu wao wangetangaziwa waje kuwahamisha. Badala yake likaja buldoza.

Hoteli ilipokaribia kwisha, Bibi Aikaeli, Mmeru aliyewahi kuishi pale, akaja ofisini kwangu. Laiti angekuja kugomba!

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Nasikia wewe ndiye ulipima pale. Mwanangu Anande yuko pale, surua ilimchukua ana miaka minne. Hoteli yao siitaki. Nionyeshe tu alipo, nichote udongo nikamzike Elerai kwa binti yangu. Na mimi nikifa nilale naye.”

“Kaburi lake lilikuwa lipi?”

“Lile fupi, la mwisho kabla ya mfereji.”

Nikafungua daftari langu la vipimo. Kila sale nilikuwa nimelichora. Kaburi fupi la mwisho lilikuwa pale walipochimba shimo la maji taka, kwenda chini mita nne.

Nikimwambia hivyo, atauliza ni nani aliyeandika hakuna makaburi, na kibarua changu kitaota nyasi. Niliogopa, sina neno jingine. Nikampeleka Sekei, nikavuta futi kamba mbele yake, nikasoma namba kwa sauti, nikasimama kwenye kona ya bustani.

“Ni hapa, bibi.”

Pale palikuwa na kifusi tu. Nilikuwepo lori lilipokimwaga, kimetoka Sombetini. Bibi akapiga magoti, akawa anaongea Kimeru polepole, anatoa vipande vya matofali kimoja kimoja ili visimuumize mtoto. Kisha akafunga udongo kwenye kanga. Ningeweza kusema hata wakati ule. Nilimshika mkono, nikamsaidia kuinuka.

Jumamosi walizika. Mwinjilisti alipomaliza sala, bibi alitaka mimi nitangulie kutia udongo.

“Huyu ndiye aliyenirudishia mwanangu,” aliwaambia watu. Nikapokea koleo.

Tangu hapo kila Krismasi alinitumia ndizi, na salamu kwa “mwanangu Ebenezer.” Nilizipokea, nikala. Mwaka jana akafariki. Binti yake aliniomba nipime kaburi, liwe karibu na Anande kama mama alivyotaka. Nikapima. Nusu mita tu kutoka kwenye kifusi cha Sombetini, na kila mtu akanishukuru.