Pini Mbili na Cheni

"Inua kidevu," supavaiza Theonest alisema, na Valerian akainua kidevu.

Wahudumu kumi na wanne walikuwa wamepanga mstari nyuma ya ukumbi wa sherehe, kati ya tangi la maji na viti vya plastiki vilivyobebanishwa, kila mmoja anaangalia mawingu ya Madale kama anayesubiri mvua. Ndivyo ukaguzi wa kola unavyofanyika pale kila asubuhi. Supavaiza anawasha tochi ya simu hata kama jua limeshawaka, anamulika shingo yako kushoto, halafu kulia. Anatafuta pini mbili za rangi ya dhahabu, moja kwenye kila ncha ya kola, zimeunganishwa kwa cheni nyembamba inayopita juu ya tai. Mwenye ukumbi alirudi nazo kutoka Dubai, katoni nzima. Aliwaona wahudumu wa huko kola zimetulia, akapenda. Kwamba wahudumu wa huko wanafanya kazi kwenye kiyoyozi na wa Madale wanatoka jasho mpaka kwenye soksi, hilo hakuliona.

"Hii nini?" tochi ilisimama shingoni kwa Valerian.

"Pini, braza."

"Pini naiona. Nakuuliza hiki cha kijani."

Cha kijani kilikuwa doa, moja kila upande. Juzi alirudi nyumbani amechoka, akaliloweka shati kwenye maji ya jiki bila kuzitoa pini, maana kuzitoa kunataka kucha na subira, na siku hiyo hakuwa na chochote kati ya hivyo. Kulipokucha dhahabu ya Dubai ilikuwa imechujia kwenye kola. Alisugua kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vikawasha, doa likabaki linamwangalia.

"Pini zenyewe ndizo zinachuja," alisema. "Sie wote zinatuchujia."

"Wote akina nani? Mie naona kola yako." Theonest alizima tochi. "Saa tano HR anakuja na fomu za ajira. Anataka majina sita. Jina lako nilikuwa nalo, Vale, lakini kwa kola hiyo silipeleki. Kavae shati jingine."

"Sina. Lile jingine pini ilichana kola."

"Basi hiyo ishu yako. Saa tano."

Valerian alitoka kwa geti la nyuma. Miaka miwili na miezi mitatu alikuwa deiwaka hapo, anaitwa kukiwa na sherehe na kusahauliwa ikiisha. Fomu ya ajira ilikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka, nacho ni bima ya afya. Jenipher, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kisu, na nesi wa kliniki alishawaambia bila kuzunguka kwamba huyu wa pili naye atatoka kwa njia hiyohiyo. Kila usiku Jenipher alikuwa anauliza swali lilelile, kama majina yameshatoka. Leo yalikuwa yanatoka, na yeye alikuwa barabarani kwa sababu ya doa lisilozidi punje ya harage.

Fundi Eufrazia alikuwa na cherehani yake chini ya banda la mabati, kwenye mteremko unaoshuka bondeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi uko huku?"

Alivua shati, akabaki na singlendi yenye tundu mgongoni, akamwonyesha madoa. Mama Eufrazia hakuhitaji kuelezwa. Kwake kugeuza kola ilikuwa kazi ya kila siku: unaifumua kwa wembe, upande wa chini unauleta juu, unashona tena, na shati linapata maisha mengine. Walimu wa Madale nzima walikuwa wanatembea na kola alizozigeuza yeye. Aliinama na wembe, akakata nyuzi mbili, halafu akasimama.

"Hii nilishaigeuza. Uzi wangu huu, mie ndiyo natumiaga huu mzito. Ona na huku chini."

Upande wa chini ulikuwa na madoa yake ya zamani na matundu yake ya zamani. Valerian alikuwa amesahau kabisa.

"Sasa tunafanyaje, mama? Saa tano natakiwa niwe nimerudi."

Aliligeuzageuza shati, akalipima kwa viganja. "Nikate mkia. Hiki kipande cha nyuma unachochomekea kwenye suruali, nikutolee kola mpya. Nani atakiona huko chini?"

"Si litafupika?"

"Litafupika, litakoseje? Wewe usiinue mikono tu."

Valerian alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kazi yake ilikuwa ni kuinua mikono. Lakini alisema kata, mama, na mkasi ukaingia.

Alikaa kwenye benchi na singlendi yake huku watu wanapita na kumwangalia. Mama Eufrazia alishona bila kuongea, akapiga pasi, akamshikia kola shingoni kama anayemwandaa bwana harusi. Pini ziliingia kwa shida kwenye kitambaa kipya. Kola ilikaa vizuri kuliko siku yoyote, nyeupe kuliko shati lenyewe.

Alifika ukumbini dakika kumi kabla ya saa tano, kajaa jasho. Theonest alikuwa ameshavaa koti na kukaa mezani na yule dada wa HR, mwenye blauzi isiyo na kola hata kidogo. Theonest alimulika kushoto, akamulika kulia.

"Hapo sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa na afueni ya kweli. Akaandika jina: Valerian.

"Wamebeba wote?" dada aliuliza.

"Bado huyu mmoja tu. Vale, beba sinia umwonyeshe dada."

Hakuna mhudumu anayeajiriwa bila kubeba. Valerian alichukua sinia la glasi ishirini, akalipandisha juu ya bega, akapita katikati ya meza za harusi ya kesho. Mkono haukutetemeka na glasi hazikugongana. Alipofika meza ya tatu alisikia upepo mgongoni. Shati lilikuwa limechomoka lote nyuma, singlendi iko nje, tundu liko nje. Hakuweza kushusha mkono bila kumwaga glasi, kwa hiyo alitembea hivyohivyo mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi.

Dada alicheka kidogo, wala si kwa ubaya. "Huyu bado bado. Tumwangalie awamu ijayo."

"Awamu ijayo lini, dada?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

Mtoto alikuwa anakuja baada ya miezi miwili. Valerian alifungua mdomo aseme hivyo, lakini dada alikuwa ameshageukia karatasi nyingine, na Theonest alikuwa ameinama kulikata jina. Alipoinama hivyo, unga mweupe ulidondoka kutoka kwenye kola yake ukatua juu ya tai nyeusi. Ilikuwa chaki. Mahali ilipobanduka, pembeni ya pini, kola ya supavaiza ilikuwa ya kijani, vibaya kuliko ya Valerian ilivyokuwa asubuhi.

Theonest aliinua macho, akaona Valerian anaangalia pale penye kijani. Alitikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa anaomba.

"Braza," Valerian alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Chaki imekumwagikia kwenye tai."

Dada wa HR aliacha kuandika. Akamwangalia Theonest, akaiangalia ile tai, akaweka kalamu chini.

"Theonest," alisema. "Inua kidevu."

Valerian alidhani angefurahi. Alilishusha sinia mezani, akachomekea shati. Lilichomoka tena, naye akaliacha.