Alisema Zima

Kaka aliingia studio bila salamu. Alisimama mlangoni akazitazama trei za mayai nilizobandika ukutani kuzuia mwangwi, kisha akasema, "Haya, fanyeni haraka, nina mambo yangu." Nyuma yake aliingia mdogo wetu, kitindamimba, ambaye mama alimbandika jina la Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo Kasuku alikuwa kimya, na kimya chake kilinitia hofu.

"Dada," akaniambia, "nataka kulisikia mwenyewe. Kaka kanieleza, sawa. Lakini nataka kulisikia kwa masikio yangu."

Nilijua anataka kusikia nini. Kasuku na mama waligombana vibaya sana. Alimwambia mama, mbele yetu sote, kwamba ni heri angezaliwa na jiwe. Akafungasha, akahamia mji mwingine, na tangu hapo hawakusemezana. Mama alipougua koo, sauti ikamkauka akabaki kunong'ona tu, Kasuku aliomba ruhusa kazini akanyimwa. Ndipo akatuma ujumbe wa sauti wa kuomba radhi. Kaka ndiye aliyekuwa anamuuguza mama. Akamfungulia ujumbe kwenye simu ya mama, pale pale kitandani, huku simu yake mwenyewe ikirekodi ili Kasuku apate jibu. Kesho yake mama akafariki. Jibu tuliloletewa msibani lilikuwa neno moja: zima. Yaani hakutaka hata kumsikia.

Tangu siku ile Kasuku hali, halali. Nguo zinamning'inia kama za kuazima. Rekodi yenyewe kaka alikuwa anaikatalia, eti mambo ya marehemu yaachwe, mpaka Kasuku alipomng'ang'ania kama kupe.

"Sasa utapata nini humo?" kaka akamuuliza wakati nahamisha rekodi kwenye kompyuta. "Si nimeshakwambia? Mimi nilikuwepo."

"Wewe ulikuwepo. Mimi sikuwepo. Ndiyo maana."

Kazi yangu ni kusafisha sauti za watu: matangazo ya magodoro, risala za harusi, mahubiri ya watu wanaokohoa kila baada ya sentensi. Sauti ikiingia kwenye programu, naiona kwenye kioo kama mstari wenye vilima. Anayepayuka ana milima, anayenong'ona ana vichuguu, na pasipo na mtu mstari unalala. Rekodi ya kaka ilianza na milima mitupu. Nani kama si Kasuku.

"Mama, shikamoo. Umeamkaje mama? Koo je? Na kaka hajambo? Na jirani wa mlango wa pili, mguu umepona? Mwambie namsalimu sana. Na yule binti yake, ameshajifungua?"

"Wewe Kasuku," nikasema, "unaomba radhi au unafanya sensa?" Nilitaka kuwachekesha. Hakucheka mtu, na hata mimi nilijiona mjinga.

Salamu zikaendelea. Alipofika kwa paka, kama bado anakamata panya, tukalisikia. Dogo, kavu, limefunikwa na mvumo wa feni: zima. Papo hapo sauti ya Kasuku ikakatika. Baada ya hapo mstari ulilala moja kwa moja mpaka mwisho wa rekodi.

"Umesikia?" kaka akasema. "Nami nikazima. Ningefanyaje, nimlazimishe mgonjwa?"

Kasuku alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu. "Nilikuwa bado sijafika," akasema. "Radhi niliiweka mwisho. Nani anaomba radhi kabla hajasalimia?" Akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu yanashuka nayo mikono haiyafuti.

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Labda mama, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, mtu hafi na neno kama hilo mdomoni, hata awe ametukanwa vipi. Nikashika kipanya nikalirudia lile neno.

Kuna jambo linalowachanganya wateja wangu wote. Katika programu hii naweza kukuza picha ya sauti bila kuigusa sauti yenyewe. Vilima vinapanda mpaka dari, mteja anapiga makofi, "Ahaa, sasa imekuwa kubwa!" na kumbe sauti ni ile ile, imebadilika picha tu. Huwa nawacheka. Siku hiyo niliikuza picha hivyo hivyo, nikakivuta kimo juu kadiri inavyokubali, maana nilitaka kuona lile neno linaanzia wapi. Kabla ya z palikuwa na uvimbe. Kitu kidogo sana, ambacho katika kimo cha kawaida hukioni. Sasa nikapandisha na sauti yenyewe, nikapunguza mvumo wa feni, nikabonyeza.

Mzima.

Nikarudia. Mzima. Kasuku akainamia kompyuta.

"Mzima?" akasema. "Alikuwa ananiulizia? Mimi, mzima?"

"Acheni hizo," kaka akadakia. "Hiyo ni feni. Mnataka kusikia mnachokitaka."

Na kwa haki, sikuweza kumbishia. Mnong'ono haupandi wala haushuki; huwezi kujua kama mtu anauliza au anaamuru. Feni nayo ilikuwa na uvimbe wake kila mahali, mkubwa na mdogo. Mbele ya mtu mwingine ningesema ni m. Mbele ya Kasuku niliogopa kuapa, maana kama nimekosea nitakuwa nimempa mama wa uongo.

"Sijui," nikamwambia. "Mdogo wangu, wallahi sijui."

Nikataka kuirudisha picha kwenye kimo chake nifunge kazi. Hapo ndipo nilipoona kwamba ule mstari uliolala baada ya ujumbe kuzimwa haukuwa umelala. Kwa kuwa picha bado ilikuwa imekuzwa, ulikuwa umeota vichuguu, vimekusanyika pamoja kama vinavyokusanyika mtu anaposema.

"Kaka," nikauliza, "ulipomzimia, ulibaki chumbani?"

"Nilitoka kuchemsha maji ya kumkanda. Simu yangu nikaisahau pale kitandani, inarekodi. Kwani?"

Nikapandisha sauti ya kile kipande chote, nikabonyeza. Ndara zake zikasikika zinaondoka. Mlango. Feni. Halafu mama, kwa mnong'ono wa kukwaruza:

"Mbona umezima?"

Feni ikavuma. Akavuta pumzi, tukasikia jinsi pumzi ilivyomuuma.

"Hajamaliza."

Kaka alitafuta kiti bila kukitazama, akakikosa, akakaa sakafuni. "Si nilisikia zima," akasema. "Jamani, mimi si nilisikia zima?" Akatutazama kwa zamu. "Niliporudi na maji nilimkuta kageukia ukutani. Nikajua kakasirika. Nikasema nisimtajie tena jina la mtoto huyu, nisimpandishe hasira." Akajifunika uso na shati lake, mtu mzima yule, analia kwa kwikwi.

Nilimwangalia Kasuku. Nilidhani atafurahi walau kidogo, kwamba mama alimuulizia, kwamba alitaka kusikia. Uso wake ulikuwa mbaya kuliko alipoingia. Kwa muda wote ule alikuwa na mama aliyemkataa, na mama wa namna hiyo unaweza kumlaumu ukalala. Huyu wa sasa alikuwa amekaa anangoja Kasuku amalizane na paka afike kwenye neno lake, na neno halikufika.

"Ningelitanguliza," akasema. "Dada, ningelitanguliza tu."

"Hukujua."

"Neno moja. Ningelitanguliza, salamu zifuate."

Nimezoea kukata na kuunga maneno ya watu, na hapo sikuona pa kukata.

Rekodi ilikuwa bado inakwenda. Kwenye kioo kikatokea kitu kingine, vijiti vyembamba vilivyosimama, kimoja, nafasi, kingine, nafasi. Haikuwa sauti ya mtu. Kaka alikisikia akainua kichwa, na nikaona amekitambua kabla yetu.

"Basi," akasema. "Inatosha. Nakuomba, mdogo wangu, inatosha."

Kasuku alinishika mkono nisiguse kitu. Mama alikuwa amekosa sauti ya kuita, akawa anagonga ubao wa kitanda kwa kidole. Anagonga, anapumzika, anagonga tena. Kwa mbali, jikoni, ukasikika mfuniko wa sufuria, na kaka akipiga mluzi. Tuliendelea kumsikiliza akigonga mpaka rekodi ikaisha.