Gia ya Mwisho Haikuingia

"Hivi, shoga, mumeo siku hizi ana maringo au hasikii?"

Jirani mshona nguo aliuliza hivyo siku moja juu ya ukuta wa uani, pini amezibana midomoni. "Nimemsalimia dukani, nikarudia. Kanipita kama nguzo ya umeme."

Mke wa fundi akacheka. "Ana mawazo tu. Mtu wa magari akitembea, kichwa chake amekiacha chini ya gari." Jirani akaridhika, akarudi kwenye cherehani yake. Mke mwenyewe aliingia ndani, akaketi kitandani, akamwomba Mungu msamaha kwa uongo ule, na papo hapo akajua ataurudia.

Maana kweli mumewe alikuwa hasikii. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata polepole, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Na huyu hakuwa fundi wa kuziba pancha. Alikuwa fundi wa giaboksi za otomatiki, na kwenye magari ya zamani yasiyo na mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini, kipimo ni sikio. Gia ikipanda, injini inashusha sauti. Fundi anaendesha huku akihesabu: ya pili hiyo, ya tatu hiyo, kisha ile ya mwisho wanayoiita ovadraivu, inayoipumzisha injini kwenye mwendo mrefu. Wenzake walifungua giaboksi ndipo waujue ugonjwa. Yeye aliujua kabla hajashuka garini.

Hospitali alikwenda, akarudi amekunja uso. "Wanasema ni kelele za gereji za miaka yote. Masikio hayarudi tena. Na wewe, mama, ukimwambia mtu, tumekwisha. Nani atamletea kiziwi giaboksi?"

Basi mke akawa sikio lake. Gari likienda kujaribiwa, naye yumo, kikapu mapajani, kama mtu aliyepewa lifti ya sokoni. Sauti ikishuka, humgusa mumewe gotini kwa kidole. Watu wakatania: "Fundi, siku hizi hata kujaribu gari huendi bila bibi harusi?" Alitabasamu, kwani midomo aliisoma vizuri. Mkewe naye alitabasamu. Alisoma shule ya msingi, akajua kupika, kulea na kusali. Hili la kuhesabu gia alijifunza uzeeni, kwa hofu.

Siku ikaja pikapu ya dizeli, kuukuu, mlango wake wa nyuma umefungwa kwa kamba. Ilikuwa ya mdogo wa mke mwenyewe, msafirishaji wa mboga, mtu asiyeweza kuingia mahali kimya.

"Shemeji! Uko hai? Nilidhani dada kashakuzika, anakula rambirambi!"

Fundi alimkazia macho mdomoni, kisha akacheka. "Angenizika angekuita wewe uchimbe. Na wewe na jembe mna ugomvi tangu utotoni."

"Sawa, umeshinda. Sasa nitazamie huyu mzee mwenzako. Barabara kuu analia kama mbuzi aliyekanyagwa. Nahisi haingii gia ya mwisho. Lakini upesi, shemeji, kesho napakia mzigo wa mbali."

Fundi alikuwa na utaratibu wake, na mkewe aliujua kama anavyojua mpangilio wa jiko lake. Kwanza kuvuta kijiti cha kupimia oili na kuinusa. Pili swichi ya ovadraivu na taa yake. Tatu kulala chini na taa ya majaribio, ile inayowaka ikikuta umeme, kuufuata waya unaoiamuru gia hiyo. Barabara ilikuwa ya mwisho. Siku ile alinusa oili, akaiona nyekundu, haijaungua. Alipoinama achukue taa, shemeji akamgonga begani na kumwonyesha jua. Fundi akaacha. "Haya, tuanze na barabara. Ikiingia, waya ni mzima."

Mwenye gari akapanda nyuma. Wakatoka.

Sauti ilishuka mara ya kwanza, mke akagusa goti. Ikashuka ya pili, akagusa. Kisha pikapu ikavuta na kuvuta, injini ikilalama, na hakuna kitu. Alimwona mumewe ametazama mbele, shingo imekakamaa, akimngoja yeye. Mola wangu, aliomba kimoyomoyo, iingie, nisimpe habari mbaya mbele ya ndugu yangu. Na sauti ikashuka. Kidogo tu, lakini ilishuka. Akagusa.

Mabega ya fundi yakalegea. "Imeingia!" alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Waliporudi, shemeji aliuliza, "Una uhakika?"

"Nilishakosea lini? Kinacholia ni bomba la moshi na huo mguu wako mzito. Nenda salama."

Alikwenda. Alirudi akiwa anavutwa na lori. Injini ilikuwa imepiga kelele kwenye gia ya tatu safari nzima hadi ikachemka katikati ya pori. Silinda hedi ilipasuka na mboga zote zikaozea nyuma. Safari hii hakutania mtu.

"Uliniambia imeingia," alisema akiwa ameinamia boneti.

Fundi hakujibu. Shemeji akarudia, kwa hasira. Mke akasogea mbele ya mumewe ili midomo yake ionekane. "Anasema ulimwambia imeingia."

Fundi akachukua taa ya majaribio, akajiviringisha chini ya pikapu. Taa haikuwaka. Akaufuata waya kwa vidole hadi ulipolalia bomba la moshi, umeyeyuka, umekatika. Ilikuwa kazi ya kuunga na kuzungushia utepe. Ingekwisha hata chai haijapoa. Akatoka na kipande mkononi. Hakumtazama shemeji. Alimtazama mkewe.

"Uligusa mara ngapi?"

"Tatu."

"Ile ya tatu, ilishuka sana au kidogo?"

Angeweza kudanganya. Alitazama ule waya. "Kidogo."

Fundi alifumba macho. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, kama zamani. "Ile si gia, mama. Ndani ya giaboksi mna klachi inayojifunga yenyewe, hata ukiwa gia ya tatu. Sauti inashuka kidogo. Ningeigusa breki kwa ncha ya kiatu tu, ingejiachia, sauti ikapanda, ukajua. Sikukufundisha. Nilisahau kwamba hujui. Nilidhani bado masikio ni yangu."

Mdogo mtu akatazama huyu, akatazama yule. "Dada, kwani nani alikuwa anasikiliza?"

Akamsogelea dada yake.

"Gari langu limepimwa na nani?"

"Mimi," dada akasema. "Mimi ndiye. Nilaumu mimi, mdogo wangu."

"Sikulaumu wewe. Namlaumu aliyekupandisha." Akageuka, akanyoosha mkono kuelekea magari yaliyopangwa uani, yakingoja. "Na haya je? Na yote yaliyokwishatoka hapa?"

Dereva wa lori alikuwa amesimama langoni, anasikiliza, mdomo wazi. Mke alimwona, akajua kwamba hakuna uongo wa ukutani utakaoweza kuifunika siku hii. Alijaribu kuomba, akakosa hata neno la kuanzia.

Fundi alikuwa ameyasoma yote midomoni. Akairudisha taa kisandukuni, akafunga kifuniko. Akafungua vifungo vya ovaroli, akaivua, akaikunja vizuri kama nguo ya sikukuu, akaiweka juu ya meza ya kazi.

"Baba," mkewe alimwita. "Baba, ngoja!"

Alikuwa amekwishampa mgongo. Alimpita shemeji, akampita dereva wa lori aliyejibana kumpisha, akatoka barabarani.