Nyuso za Filamu ya Akilimali

Umurerwa alijijengea jina kwa kutetea filamu ambazo wengine walizikimbia: zisizo na hadithi wala mwigizaji, nyingine mwanga tu unaotetemeka ukutani. Alizaliwa Bukavu, nchini Kongo, akafundisha huko, na hata baada ya kuhamia Kamembe, ng'ambo nchini Rwanda, hakuacha kuvuka mpaka kwenda darasani. Kitabu chake kilichosomwa sana kilihusu filamu ya Akilimali, mwanafunzi wake wa zamani: nyuso za vijana walioandamana, mmoja baada ya mwingine, wakikutazama bila neno. Mkanda ulikuwa mmoja tu. "Filamu njema humtia mtu hofu," aliandika humo.

Hofu yenyewe alikuwa hajaijua.

Watu wenye bunduki walipouteka mji wa Bukavu, Akilimali alimpigia simu akinong'ona.

"Maman, banaingia mu kila nyumba. Banatafuta bale batoto ba filme. Nifanye nini?"

Nusu ya maisha yake ilikuwa ndani ya mkanda ule.

"Choma," akasema. "Choma yote, ukimbie."

Alipoweka simu chini ndipo akakumbuka: kitabu! Kilikuwa na picha za nyuso zilezile. Alizichagua mwenyewe, zilizo wazi kuliko zote. Akapiga tena. Simu imezimwa.

Akateremka kwa pikipiki hadi daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza. Alisimama juani kutwa, akikagua kila aliyevuka daraja. Jioni Akilimali akatokea, nywele zikinuka moshi.

"Nimeichoma, Maman. Na kitabu chako nacho. Bamefika moshi ikingali inatoka. Nikabaambia ni takataka."

Umurerwa akamkumbatia, machozi yakimlengalenga.

"Lakini Maman," kijana akauliza taratibu, "ulibagawia bantu bangapi kitabu huko?"

Hakukumbuka. Aligawa kwa fahari, kama peremende. Wakaketi kando ya barabara, akaanza kupiga simu. Uwamahoro, rafiki yake wa Bukavu, akapokea, akaahidi kukichoma sasa hivi. Simu ya Munyemana, mwalimu mwenzake kulekule, ililia kwa muda mrefu.

"Haloo," ikajibu sauti nzito asiyoijua. "Ni nani?"

Umurerwa akatega sikio. Upande wa pili, mtu alikuwa akifunua kurasa.

"Ni nani?" sauti ikarudia.

Akakata simu.