Kiti Kilichobaki Simi-Simi

Déborah aliepua karai la maandazi, akanawa mikono yenye mafuta na kuanza kufuta viti vya kanisa vilivyopangwa uani kwake, mtaani Simi-Simi. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, kana kwamba maporomoko ya Tshopo yanayozalisha umeme huo yako nchi nyingine, na makaa yamepanda bei tena. Lakini Jumatano ni Jumatano. Wageni wa cellule, kikundi cha sala cha nyumbani, lazima wapate chai.

Mama yake, Augustine, alikuwa amekwisha kuketi, kitenge chake kizuri kiunoni. Alipoletwa kutoka Yanonge, baada ya kufiwa na mume, bibi huyu alilala akitazama ukuta na hakutaka kusema na mtu. Miguu ilikuwa imevimba. Kanisa lilikuwa mbali, na kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hakuweza kukaa. Basi kanisa lilipotangaza kwamba Injili sasa ipelekwe nyumba kwa nyumba, Déborah alitoa uwanja wake, akabisha hodi mtaa mzima. Wakaja wauza samaki, wakaja waendesha toleka, akaja na mlevi mmoja aliyefuata chai akanaswa na nyimbo. Hizo nyimbo ndizo zilizomwinua mama yake mkekani.

Ndugu Elisée, mwangalizi wa cellules, alifika mapema pamoja na mtu wa mkokoteni. Hakuketi.

"Bon, maman Déborah. Cellule inahama."

"Inahama wapi?"

"Kwa maman Sophie, kule mjini. Yeye iko na salon ya kupokea wageni, iko na jenereta. Bibi za ma-patron, wale matajiri, wataingia bila haya. Hapa wanaogopa harufu ya samaki."

"Na hawa benye nilileta?"

"Mwenye atapenda, atafika."

"Mama hawezi kutembea. Unajua vizuri."

"Alors, tutamuombea."

Tutamuombea. Neno hilo halimgharimu mtu kitu, ndiyo maana linagawiwa ovyo.

"Kumbe roho munapima kwa kilo, ndugu Elisée?"

"Usikasirike, maman. Kazi ni ya Mungu."

"Chai ilikuwa yangu."

Elisée aligeukia viti, akavionyesha kwa kidole. Mtu wa mkokoteni alipakia viti kimoja kimoja, macho chini, maana yeye ametumwa tu. Mwishoni kilibaki kiti alichokalia Augustine, chenye jina la kanisa mgongoni.

"Maman, simama kidogo," Elisée alisema.

Bibi hakusogea. Alishika mikono ya kiti, akamtazama kijana huyo wa tai kama anavyotazamwa mtu aliyeingia bila hodi.

"Kama munataka kiti," alisema polepole, "mubebe na mimi."

Majirani walikuwa wameanza kufika, nao walisimama langoni. Muuza samaki mmoja alitua beseni lake katikati ya njia ya mkokoteni na hakuliondoa. Elisée alilegeza tai.

"Kiti kimoja hakifanye cellule," alisema, akamwashiria mwenzake wazunguke beseni. Viti viligongana hadi mwisho wa mtaa.

Watu walibaki wamesimama, hawajui kama bado wamealikwa. Mwendesha toleka akalaza baiskeli yake, akaketi chini kwenye udongo. Wengine wakafuata.

"Déborah," mama yake alisema, "chai iko wapi? Watu wamefika."